Mwaka wa Kwanza ni wa Kugawa Majembe

Kijana wa Bungu, nina neno moja, na nataka ulifikishe Kibiti mjini, Nyamisati na vijiji vyote vya delta ya Rufiji: mnaweza kuwa na mtandao wa kijamii ulio wenu. Akaunti kwenye mitandao ya wengine mnazo tayari, na bando mnanunua kila siku. Mimi nazungumzia mtandao ambao seva yake, yaani kompyuta inayouendesha, mnajua ilipo, kanuni zake mmezitunga wenyewe kwa Kiswahili, na ukiharibika usiku mnajua ni nani wa kugongewa mlango. Linawezekana. Wapo watu wa Afrika Mashariki waliofanya linalokaribiana nalo, na wapo wa mbali waliofanya hilo hilo. Waliofanikiwa na walioshindwa wote wametuachia somo moja: mwaka wa kwanza ndio unaoamua.

Mwaka huo una kazi iliyo kubwa kuliko zote, na wahenga waliitaja zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtandao ambao wanachama wote ni wageni, na mwenyeji ni mmoja tu anayepika, anayefagia na anayelinda mlango, utakufa siku mwenyeji akiugua. Uliogawa majembe mapema utaishi.

Tunachozalisha na kukiacha kipotee

Tazama msimu wa ufuta. Mnada ukimalizika, bei inafika kwenye makundi ya WhatsApp kabla wakulima hawajatawanyika. Mtu anapiga picha karatasi ya bei, anaituma kundi la chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), mwingine anaisukuma kundi la wanaoweka na kukopa pamoja (VICOBA), mwingine la bodaboda. Kufika jioni picha ile imefunikwa na tangazo la msiba, salamu za usiku mwema na ujumbe wa sauti. Aliyejiunga na kundi leo kwa kawaida haoni bei za juzi. Anayetaka kulinganisha mnada wa wiki hii na wa msimu uliopita hana pa kutafuta. Kundi lenyewe mwisho wake ni watu 1,024, na kata nzima haienei humo. Maarifa ya Bungu yanazaliwa Bungu kila siku, lakini hayatunzwi Bungu.

Kwenye bei ya ufuta hasara yake ni fedha. Kuna siku hasara inakuwa kubwa zaidi. Kumbuka mwaka 2024. Aprili, maji ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na makazi ya watu Rufiji na Kibiti. Mei 4, Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Mei 12, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zikapata hitilafu, na nchi nzima ikabaki na mtandao wa kusuasua. Yote hayo ndani ya wiki chache.

Katika siku kama hizo mtu mwenye ndugu Maparoni, Kiongoroni, Mbuchi au Msala anataka kujua mambo ya kawaida kabisa. Njia ipi inapitika? Chombo kipi kimeondoka Nyamisati na kipi kimezuiwa? Nani ana dawa, nani ana mahali pa kulala? Majibu huwa yapo. Nahodha anajua la kwake, mtendaji anajua la kwake, mwalimu anajua la kwake. Kinachokosekana ni mahali pamoja, panapoaminika, pa kuyaweka yakaonekana na kila mtu. Mahali hapo hatuna haja ya kusubiri tujengewe.

Msimbo mmeshapewa

Wengi wakisikia kuanzisha mtandao wa kijamii wanafikiria mabilioni ya shilingi na majengo ya vioo huko Marekani. Hofu hiyo ilikuwa na maana zamani. Leo programu huria zimebadili hesabu. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: unaruhusiwa kuuchukua, kuusoma, kuubadili na kuutumia, na masharti ya leseni yake yameandikwa ili kila mtu ayaone.

Jambo hili si geni kwetu. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa huria. Hakukuwa na kampuni ya kuipigia magoti ili ione kwamba Kiswahili kinastahili. Wanafunzi na walimu walikaa, wakachagua maneno, wakayaingiza.

Kwa upande wa mitandao ya kijamii, ipo Mastodon, iliyoanzishwa na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, mwaka 2016. Haina seva moja kuu. Kila kundi la watu linaweza kuweka seva yake na kanuni zake, na seva hizo zikazungumza zenyewe kwa zenyewe, kama vile wewe mwenye laini ya kampuni moja unavyompigia mwenye laini ya kampuni nyingine. Lugha ya mazungumzo hayo inaitwa ActivityPub, na Januari 2018 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti duniani, liliipitisha rasmi. Ipo pia GoToSocial, iliyo nyepesi zaidi, iliyoundwa iweze kufanya kazi hata kwenye kompyuta ndogo inayokaa kiganjani na kutumia umeme mdogo kuliko balbu za zamani.

Kwa hiyo msimbo upo na ni bure. Usimruhusu mtu akwambie Bungu imekosa teknolojia. Kama kuna kitu kinaweza kukosekana, ni watu wa kuulea huo mtandao ukishawashwa.

Mwaka 2008 wa Ushahidi

Wakenya walituonyesha malezi hayo yanavyokuwa. Uchaguzi Mkuu wao ulifanyika Desemba 27, 2007. Matokeo yalipotangazwa Desemba 30 ghasia zikalipuka, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha katika kipindi hicho. Januari 3, 2008, mwanasheria Ory Okolloh aliandika mtandaoni akiwaomba mafundi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea. Miongoni mwa walioitika walikuwamo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambaye wakati huo aliishi Marekani. Siku chache baadaye ramani hiyo, waliyoiita Ushahidi, ilikuwa hewani.

Angalia kazi ilivyogawanywa. Mwananchi alituma taarifa kwa simu au kupitia tovuti: mahali fulani nyumba zinachomwa. Taarifa haikurushwa tu kwenye ramani. Wapo waliosoma taarifa zilizoingia. Wapo waliowasiliana na mashirika yaliyokuwa huko kuuliza kama ni kweli. Wapo waliolinganisha na habari nyingine kabla ya kuweka alama mahali na tarehe. Fundi aliyeandika msimbo hakuweza kufanya yote hayo, na hakujaribu. Yeye alishika lake, na wengine wakashika yao.

Kisha likaja jambo ambalo ndilo lililoipa Ushahidi maisha marefu. Mfumo ule wa kwanza ulikuwa umetengenezwa mbio mbio kwa ajili ya nchi moja na dharura moja. Wangeweza kuuacha hapo, wakapokea sifa na kurudi kwenye kazi zao. Badala yake, mwaka huo wa 2008 waliuandika upya kuanzia mwanzo, safari hii kama programu huria, kwa msaada wa watu waliojitolea. Mei mwaka huo watu wa Afrika Kusini waliutumia mfumo ule wa awali kufuatilia mashambulizi dhidi ya wageni. Kufika mwishoni mwa mwaka, mfumo mpya ulikuwa ukijaribiwa mashariki mwa Kongo. Januari 2010, tetemeko lilipoipiga Haiti, watu waliokuwa mbali kabisa na Nairobi waliuwasha kwa ajili ya kutafuta walionasa na wenye njaa.

Huo ndio mwaka wa kwanza wa kuigwa. Ulianza na watu wachache waliokubali kuitika, ukaisha na kazi ambayo mtu mwingine yeyote angeweza kuishika na kuendelea nayo.

Mlango ulipozidiwa

Mastodon nayo ilijaribiwa kabla haijatimiza mwaka. Aprili 2017 watu walimiminika ghafla kwenye seva ya Rochko mwenyewe hadi akalazimika kufunga usajili kwa muda. Mtu mwenye tamaa ya idadi angefanya kila njia awabebe wote peke yake. Yeye aliwaelekeza kwenye seva nyingine na kuwahimiza wenye uwezo wafungue zao. Wakafungua. Mwishoni mwa 2022, Elon Musk alipokwisha kuinunua Twitter, watumiaji wa Mastodon kwa mwezi walipita milioni 2, na mzigo ule ulibebwa na maelfu ya seva zilizoendeshwa na watu mbalimbali.

Lakini mwaka huo huo wa 2022 kulikuwa na kilio pia. Seva ya mastodon.technology, iliyokuwapo tangu 2017 na kupendwa na mafundi wengi, ilitangaza kufungwa. Iliendeshwa na mtu mmoja, na maisha yake yalipombana hakuweza tena kuihudumia. Aliwapa watu muda wa kuhama, akafanya uungwana. Hata hivyo, kwenye Mastodon ukihama unaondoka na wafuasi wako. Machapisho yako ya miaka yanabaki nyuma. Watu walipoteza kumbukumbu zao kwa sababu kulikuwa na jembe moja tu.

Hatari hiyo ilikuwa imeonekana mapema. Mwaka 2019 Mastodon iliweka masharti kwa seva zinazotaka kuorodheshwa kwenye tovuti yake: kuwe na usimamizi wa kweli dhidi ya ubaguzi na chuki, nakala za akiba zifanywe kila siku, angalau mtu mmoja zaidi awe na uwezo wa kuingia kwenye mitambo wakati wa dharura, na watumiaji wapewe taarifa ya miezi 3 kabla ya kufunga. Rochko naye alijipima kwa kipimo hicho: Januari 2025 ilitangazwa kwamba umiliki wa Mastodon utahamishiwa kwa shirika lisilo la faida, na Novemba mwaka huo akaachia uongozi. Mwanzilishi anayejua kukabidhi ndiye anayeacha kitu kinachodumu.

Majembe manne ya Bungu

Sasa tuje nyumbani. Mkianza, haya ndiyo majembe ya kugawa kabla mwaka haujaisha.

La kwanza ni funguo. Nywila za seva, za anwani ya tovuti na za malipo zisikae kichwani mwa mtu mmoja, hata kama ndiye fundi bora wa wilaya. Ziwe kwa watu wawili au watatu wasiolala nyumba moja. Nakala ya akiba itolewe kila siku na iwekwe mahali pengine, mbali na mashine yenyewe. Seva na nakala yake vikiwa chumba kimoja, mafuriko yatachukua vyote. Na kila baada ya muda chukueni nakala hiyo mjaribu kuirejesha, ili mjue kwamba inafanya kazi kabla hamjaihitaji.

La pili ni usuluhishi, na hili ndilo zito kuliko yote. Siku itafika, tena mapema, mtu ataweka picha ya binti wa watu na maneno ya kumvunjia heshima. Mwingine atamtaja jirani kuwa mchawi. Mwingine, siku ya mafuriko, atasema daraja limezolewa ilhali lipo. Nani anaondoa chapisho? Nani anampigia simu aliyeliweka? Asipokubaliana na uamuzi, anakata rufaa kwa nani? Mkisubiri jambo litokee ndipo mjiulize, mtagombana, na mtandao utavunjika mikononi mwenu.

Hapa Bungu ina utajiri ambao kampuni kubwa haina. Msimamizi aliyeko bara jingine hawezi kutofautisha matusi na maneno makali ya utani wanayorushiana watani msibani. Hajui Kindengereko. Hajui kwamba jina fulani la utani ni heshima kijiji hiki na ni kashfa kijiji cha pili. Ninyi mnajua. Mmekulia kwenye mabaraza ambako mlalamikaji anasikilizwa, mlalamikiwa anasikilizwa, na wazee wanatoa neno likiwa na sababu. Pelekeni utaratibu huo mtandaoni. Andikeni kanuni chache kwa Kiswahili chepesi. Uamuzi wa kuondoa mtu ufanywe na zaidi ya mmoja, na sababu iandikwe. Na hakikisheni wanawake wapo kwenye meza hiyo tangu siku ya kwanza, maana matusi ya mtandaoni huwalenga wao, na mtandao usiowalinda watauhama kimya kimya.

La tatu ni hesabu. Seva ina gharama, anwani ina ada, intaneti ina bili. Akina mama wa VICOBA wameshatufundisha dawa: fedha inahesabiwa mbele ya watu. Kila mwezi wekeni hadharani kilichoingia na kilichotoka. Mchango mdogo wa wengi ni salama kuliko mfadhili mmoja, kwa sababu mfadhili akiondoka anaondoka na kila kitu.

La nne ni sheria. Mtu mmoja kati yenu awe na kazi ya kuzisoma na kwenda kuuliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kufungua mlango. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuja mwaka 2018, na Juni mwaka huo jukwaa la mijadala la JamiiForums, lililokuwa limedumu tangu 2006, lililazimika kusimama kwa muda kwa sababu ya matakwa ya leseni. Kama jukwaa kubwa vile lilisimama, dogo nalo lijipange. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Siku mtakapopokea namba ya simu ya mwanachama wa kwanza mmekuwa wakusanyaji wa taarifa za watu, na sheria hiyo inawahusu. Isomeni kama ulinzi wenu, kwa sababu inamlinda pia mama yako asichezewe namba yake.

Miezi ya ukimya

Nawaambia mapema ili isiwashtue: itafika miezi ambayo hakuna anayeandika. Shamrashamra za ufunguzi zitakuwa zimepita, marafiki mliowaunganisha watakuwa wamerudi walikotoka, na wewe utafungua ukurasa asubuhi ukute ni ujumbe wako wa jana peke yake. Mitandao mingi inafia hapo. Mwanzilishi anahesabu watu, anaona wachache, anakata tamaa.

Badili kipimo. Jiulize ni watu wangapi wanaweza kuiwasha seva ukiwa safarini. Jiulize ni mgogoro upi mmeusuluhisha bila kumpoteza mtu. Jiulize kama mkulima aliyetafuta bei ya mnada uliopita aliipata. Mtandao wa watu 80 ambao 10 kati yao wameshika majembe una nguvu kuliko wa 8,000 wanaomtegemea mmoja. Idadi inaweza kuja baadaye, tena kwa siku moja, kama ilivyowajia watu wa Mastodon. Ikija ikukute una watu wa kuipokea.

Na anzeni na jambo moja. Msitafute kufanana na Facebook. Chagueni bei za ufuta na korosho, au safari za vyombo vya Nyamisati, au hali ya maji na barabara wakati wa masika. Jambo moja likifanywa kwa uaminifu kila siku hujenga imani, na imani ndiyo itakayowaleta watu na mambo yao mengine.

Likisimama hilo, kuna hatua kubwa zaidi mbele. Kondoa, mkoani Dodoma, watu wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakisaidiwa na Internet Society walianzisha mtandao wa jamii unaotumia masafa ya televisheni yasiyotumika, mawimbi yanayokwenda mbali na kupenya mahali ambapo Wi-Fi ya kawaida haifiki. Hebu fikirieni viunganishi vya namna hiyo kati ya Bungu, Kibiti na vijiji vya ndani ya mikoko, pamoja na seva iliyo hapa hapa. Siku nyaya za baharini zikikatika tena, ujumbe wa nahodha wa Nyamisati kwenda kwa muuguzi wa zahanati ya delta hautalazimika kuzunguka ng'ambo ya bahari ndipo umfikie. Wataalamu wa kuwaelekeza wapo Dodoma, na wanazungumza Kiswahili.

Mdogo wangu, dada yangu, usisubiri uhamie Dar es Salaam ndipo uwe mtu wa teknolojia. Aliyeko Dar hajui maji yalifika wapi Aprili 2024, wewe unajua. Hajui nani anaaminika akisema barabara imekatika, wewe unajua. Ujuzi wa kuendesha seva unafundishika kwa miezi. Ujuzi wa kuwajua watu wa Bungu umeupata kwa kuishi nao, na huo hakuna chuo kinachoutoa.

Wiki hii, tafuta watu watatu: mmoja anayependa kompyuta, mmoja anayeheshimika kwa kusuluhisha, na mmoja ambaye akina mama wa VICOBA wanamwamini na fedha zao. Kaeni chini, chagueni jambo moja mtakalolitunza, andikeni kanuni zenu kwenye karatasi moja. Kisha washeni seva, na siku hiyo hiyo mpeni mtu wa pili funguo.